Usiku tulipoufunga mfuko wa maji

Kisa hiki kilitokea wiki ya tatu ya Aprili, katika hospitali ndogo upande wa Nyando, kama kilomita 25 kutoka Kisumu mjini. Nimebadilisha mambo machache ili mtoto na familia yake wasitambulike. Mimi ni afisa wa kliniki, na usiku huo nilikuwa zamu na intani mmoja (daktari aliye mafunzoni), muuguzi wa wodi ya watoto na mtu mmoja wa maabara. Bingwa wa watoto tulikuwa naye kwenye simu tu.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kwenye mashamba ya mpunga maji yalikuwa yametuama, na anayefanya kazi huku anajua kwamba baada ya wiki chache kitanda kimoja kitalaza watoto wawili.

Alivyofika

Alifika saa 3:20 usiku ndani ya probox, amepakatwa na nyanya yake. Mkono mmoja wa nyanya ulimshika mtoto, mwingine uliinua juu mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 500, na alikuwa ameuinua hivyo njia nzima. Msichana wa miaka miwili na miezi minne, kilo 11. Homa ya siku tatu, kutapika, choo chepesi mara mbili mchana huo, kisha degedege moja jioni.

Barua ya rufaa ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko nyingi ninazozipokea. Kipimo cha malaria: ana. Viganja: vyeupe sana. Hemoglobini (wingi wa damu) kwa kipimo cha mkononi: 4.3. Atesunati (dawa ya malaria kali) ya msuli, miligramu 33, saa 1:40 jioni. Sukari: haikupimwa, vijiti vimeisha. Mikono baridi, maji yameanzishwa saa 1:50, "yasikome."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotusumbua usiku mzima.

Tulipomlaza mezani hakuitikia jina. Nikimbana kwenye ukucha aliuvuta mkono na kulia kwa sauti ndogo. Alipumua mara 58 kwa dakika, kwa pumzi ndefu za kina, kama mtu aliyetoka kukimbia. Oksijeni asilimia 91, mapigo 178, joto 38.9. Mikono baridi hadi kwenye kifundo. Nilipombonyeza kifuani rangi ilirudi baada ya sekunde nne. Lakini mshipa wa mkononi niliupata bila kuutafuta: ulienda mbio, haukuwa dhaifu. Macho hayakuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilirudi papo hapo. Ini lilishuka sentimita nne chini ya mbavu, bandama tatu.

Sukari ilikuwa 1.9, chini mno. Hiyo haikuhitaji mjadala. Maji ya sukari ya asilimia 10 hatuna yaliyochanganywa tayari, kwa hiyo muuguzi alivuta mililita 11 za ile ya asilimia 50, akaongeza 44 za maji ya sindano, zikatoka 55, ambazo ni mililita 5 kwa kila kilo. Tulizipitisha polepole mshipani. Oksijeni ya puani tukaiwasha. Baada ya nusu saa sukari ilikuwa 5.8, na bado hakuamka. Hapo unajua kwamba si sukari peke yake.

Mikono baridi, na hoja ya maji

Intani wangu ni kijana makini, na alisema kile ambacho wengi wetu tungesema: huyu yuko kwenye mshtuko, damu haizunguki vizuri, tumpe bolasi, yaani maji ya mshipani kwa mkupuo, mililita 20 kwa kila kilo, haraka. Tayari alikuwa na mfuko wa pili mkononi.

Nikamwambia, "Hebu kwanza hesabu alichokwisha kupewa."

Katika ule mfuko wa nyanya zilikuwa zimebaki kama mililita 180. Mililita 320 zilikuwa zimeingia kwa saa moja na nusu, yaani mililita 29 kwa kila kilo. Bolasi aliyotaka kuitoa ilikuwa imeshatolewa, na ziada juu yake, barabarani, gizani, bila mtu wa kupima mapigo. Nilipoweka kidude cha kusikilizia kifuani, chini ya mapafu palikuwa na mlio kama karatasi inayokunjwa, na moyo ulipiga mapigo matatu badala ya mawili.

Nikakizungusha kigurudumu cha ule mrija mpaka tone la mwisho likasimama.

Watu wanaosoma habari za tiba ya dharura wanaujua utafiti wa FEAST, lakini naona wengi wetu tunaujua kama jina tu, kwa hiyo niueleze. Ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, katika hospitali kama zetu zisizo na mashine za kupumulia, chini ya uongozi wa mtafiti Kathryn Maitland aliyekuwa Kilifi. Watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura: wengine walipewa bolasi ya albumini (protini ya damu), wengine bolasi ya maji ya chumvi, wengine hawakupewa bolasi yoyote. Kila mtu alitarajia kwamba bolasi ingeokoa. Mwaka 2011 majibu yalitoka: kati ya watoto 3,141, waliokufa ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Watoto wenye kuhara kwingi, utapiamlo mkali au majeraha ya kuungua hawakuwemo. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimeshasikia watu wakisema "FEAST ilikataza maji." Haikukataza. Mtoto aliyehara mpaka macho yamezama na ngozi inabaki imekunjamana anahitaji maji, na anayahitaji upesi. Huyu wetu alikuwa amepata choo chepesi mara mbili tu, na mwili wake haukuwa na dalili yoyote ya kukauka. Ni mara mbili hizo, nadhani, zilizomvuta muuguzi wa zahanati kwenye safu ya kuhara katika chati ya ukutani.

Jambo ninaloliona zito zaidi kuliko zile asilimia ni hili: walipochambua baadaye, watoto waliopewa bolasi walionekana nafuu zaidi katika saa ya kwanza. Mikono ilipata joto, rangi ilirudi upesi. Kisha wakafa wengi zaidi. Na wengi wao hawakufa kwa mapafu kujaa maji, kama tulivyodhania sote. Walikufa kwa moyo na mishipa kushindwa. Maji ya chumvi yanazidisha asidi mwilini na yanaizimua hemoglobini. Kwa hiyo ile dakika ambayo daktari anageuka kumwambia mama "anaendelea vizuri" inaweza kuwa dakika ya udanganyifu. Macho yetu, yale tunayoyaamini kuliko mashine, ndiyo yaliyokuwa yakitudanganya.

Hemoglobini yetu ya maabara ilirudi 3.4. Zahanati iliandika 4.3. Ni vipimo viwili tofauti vya aina tofauti, na sitaki kujenga nyumba juu ya tofauti hiyo. Ila mtoto wa kilo 11 ana damu kama mililita 880 tu mwilini mwake. Ukimmiminia mililita 320 za maji, hata kama sehemu kubwa itavuja kutoka kwenye mishipa, utashangaa akipauka zaidi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 unataka dalili tatu zote kwa pamoja ndipo mtoto aitwe yuko kwenye mshtuko: mikono na miguu baridi, rangi kuchelewa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya mbio. Wetu alikuwa na mbili na nusu, kama alivyosema intani. Na hata angekuwa na tatu, kwa upungufu mkubwa wa damu mwongozo uleule unasema dawa ni damu, iletwe mapema iwezekanavyo, na maji mengine yawe ya kumshikilia tu. Bingwa kwenye simu hakuongeza mengi. Aliuliza, "Umeifunga?" Nikasema ndiyo. "Basi usiifungue. Tafuta damu."

Intani aliuliza kuhusu furosemaidi, dawa ya kumkojoza mgonjwa maji yaliyozidi, kwa kuwa mapafu yalikuwa na mlio. Nilikataa, na bado sina hakika kama wenzangu wote wangekubali. Nilivyoona mimi, ule moyo ulikuwa ukikimbia kwa sababu chembe nyekundu zimekwisha, na pumzi zile za kina zilikuwa za kutoa asidi. Kumkamua maji mtoto wa namna hiyo kabla damu haijafika ni kubahatisha upande wa pili. Tulimwinua kichwa, tukamwachia dripu ndogo ya sukari mililita 20 kwa saa, chini ya kiwango cha kawaida, tukakubaliana kupima sukari kila nusu saa.

Uji

Nyanya alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Alipoona mfuko umefungwa, akasogea.

"Daktari, mbona mmemfungia mtoto maji? Kule walisema yasikome."

Huku kwetu kutundikiwa maji ndiko kutibiwa. Mtu akitoka hospitali bila kutundikiwa, majirani watauliza alienda kufanya nini. Na mwanamke huyu alikuwa ameushikilia mfuko ule juu kwa zaidi ya saa moja akiamini kwamba mkono wake ukichoka mjukuu atakufa. Sasa mtu asiyemjua anaufunga kwa kidole kimoja.

Nikamwambia, "Nyanya, ukiwa na uji ambao tayari ni mwepesi, ukiongeza maji unakuwa nini?"

Akanitazama. "Unakuwa maji ya kunawa."

"Damu ya huyu mtoto imekuwa uji mwepesi. Malaria imekula unga. Maji tuliyoongeza yamezidi kuufanya mwepesi."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, bila hasira, "Basi tafuteni unga."

Nimeeleza habari za maji na damu kwa wazazi kwa miaka mingi, na sijawahi kupata mtu aliyenifupishia kazi namna ile.

Damu

Mtoto alikuwa kundi O. Kwenye friji yetu kulikuwa na chupa mbili, zote A. Mtu wa O hapokei ila O.

Aprili ina ubaya wake hapa. Wachangiaji wakubwa wa damu Kenya ni wanafunzi wa sekondari, na Aprili shule zimefungwa. Kwa hiyo friji zinapungua katika mwezi uleule ambao mvua zinaleta mbu. Sijui ni nani angepanga kalenda vibaya zaidi kama angejaribu. Nyanya alikunja mkono wa gauni akasema achukuliwe yeye. Mjomba aliyeendesha probox naye akajitolea, na kundi lake lilikuwa O kweli, lakini damu lazima ipimwe magonjwa kabla haijamwingia mtu, na sisi vipimo hivyo hatuvifanyi. Tulipiga simu kituo cha damu Kisumu saa 3:35. Chupa mbili za O zipo. Ambulansi yetu ilikuwa imempeleka mama wa uzazi rufaa. Hatimaye aliyetoka na kisanduku cha barafu ni yule mjomba, na mhudumu wetu mmoja kando yake.

Je, tungemhamishia mtoto Kisumu moja kwa moja badala ya kuisubiri damu? Tulijadiliana. Kule kuna wataalamu na vyumba ambavyo sisi hatuna. Lakini barabarani angekaa bila oksijeni ya uhakika, bila kipimo cha sukari, na angefika kwenye foleni ya kupimwa kundi upya. Niliona heri damu isafiri. Kama friji ya Kisumu nayo ingekuwa tupu, uamuzi ungekuwa mwingine.

Saa zile tatu za kungoja ndizo ngumu kusimulia, kwa sababu hakikutokea kitu cha kusimulia. Ni kuhesabu pumzi. 58, 62, 60. Saa 4:10 stima ilipotea na mashine ya oksijeni ikazima. Muuguzi alikuwa amesogeza mtungi kando ya kitanda tangu mwanzo wa zamu, akahamisha mrija kabla sijainuka. Saa 4:40 degedege la dakika tatu na zaidi, diazepamu ya mshipani miligramu 3, likakoma. Sukari 3.1 kabla ya saa 5, tukampa nyingine. Tulimpa pia seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa mtoto asiyejitambua anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo chini ya malaria, na kwa kuwa katika sehemu zetu watoto wenye malaria na upungufu mkubwa wa damu mara kwa mara hukutwa na bakteria wa Salmonella damuni. Kumchoma mgongoni ili kupima maji ya uti wa mgongo tuliahirisha. Kwa pumzi zile nisingemkunja.

Mara tatu mkono wangu ulienda kwenye kile kigurudumu. Sisemi hili kwa kujipamba. Mtoto yuko mbele yako, mikono yake bado baridi, mfuko umening'inia, na kufanya kitu kunakuvuta kuliko kungoja. Nadhani hiyo ndiyo sababu utafiti wa mwaka 2011 bado haujazama mikononi mwetu. Hata kwa watu wazima somo ni lilelile: katika utafiti wa Lusaka uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa wenye maambukizi makali na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, waliopewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu walikufa asilimia 48.1, na waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33.0. Nilipomsomea intani takwimu hizo alisema zinamkera. Zinanikera pia.

Damu iliingia mlangoni saa 6:30 usiku.

Kiasi gani? Hapa utafiti mwingine wa ukanda wetu ulitusaidia, ule wa TRACT wa kuwaongezea watoto damu, wa Uganda na Malawi, uliotolewa mwaka 2019. Walilinganisha mililita 20 na mililita 30 za damu nzima kwa kila kilo. Kwa ujumla tofauti haikuonekana, lakini walipowatenga wenye homa na wasio na homa, picha iligeuka: wasio na homa walinusurika zaidi kwa 30, na wenye joto zaidi ya 37.5 walikufa zaidi kwa 30 kuliko kwa 20. Wetu alikuwa 38.9. Ishirini basi: mililita 220 kwa saa nne, mililita 55 kwa saa. Seti yetu hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo matone 18 kwa dakika. Muuguzi alikaa na saa ya mkononi akiyahesabu, robo saa ya kwanza polepole zaidi.

Saa 8 usiku pumzi zilikuwa 48. Saa 9 nilimshika mkono, nikauacha, nikaushika tena kuhakikisha. Ulikuwa na joto.

Asubuhi

Damu iliisha saa 10:40. Saa 1:40 asubuhi, atesunati ya pili kwa wakati wake, na sindano ilipoingia alilia kwa sauti ya mtoto mwenye haki. Nyanya akacheka kwa mara ya kwanza. Hemoglobini ilikuwa 6.3. Mchana alikunywa uji. Mgongo tulimchoma siku ya pili, maji yake yakatoka safi.

Nilimpigia simu yule muuguzi wa zahanati. Sikupiga kumlaumu, na nadhani alilisikia hilo. Yuko peke yake pale, na usiku huo alifanya mambo mawili yaliyomwokoa mtoto: alichoma atesunati kabla ya kumsafirisha na akaandika saa. Aliniuliza, "Ungefanya nini, na mikono imepoa vile?" Tulizungumza kuhusu viganja vyeupe, na jinsi choo chepesi mara mbili kisivyo kuhara kwa kumkausha mtu. Aliomba nimtumie picha ya ukurasa wa mwongozo. Nilimtumia, na vijiti vya sukari pakiti mbili.

Kosa langu mwenyewe nililigundua asubuhi ileile. Ukanda huu wa ziwa una siko seli nyingi, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na mtoto wa miaka miwili mwenye hemoglobini ya 3.4 lazima apimwe. Sampuli ya kipimo hicho inachukuliwa kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu baada ya hapo unapima damu ya mchangiaji pia. Usiku tulichukua ya kundi, ya malaria na ya hemoglobini. Ya siko seli hakuna aliyeikumbuka, na maabara walikuwa wameshatupa mabaki.

Kadi yake ya kliniki ilionyesha chanjo tatu za malaria, ile iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 hapa magharibi; ya nne ilikuwa haijachomwa, na wangeifuata baada ya kupona. Alitoka siku ya tano akitembea. Kwa mtoto kama huyu hatari haiishi mlangoni, wengi hurudi au hufia nyumbani katika miezi inayofuata, na ndiyo maana WHO tangu 2022 inapendekeza waendelee kukingwa na malaria baada ya kuruhusiwa. Katika utafiti uliofanyika Kenya na Uganda dawa ya dihidroatemisini-piperakwini ilitolewa wiki ya 2, ya 6 na ya 10. Bingwa alikubali tufuate ratiba hiyo.

Nyanya ameshakuja mara mbili. Wiki ya pili hemoglobini ilikuwa 8.1, wiki ya sita 9.4. Mara zote mbili amepitia dirishani kwangu kuniuliza kama uji umekuwa mzito. Imebaki dozi moja, na tarehe ya kipimo cha siko seli imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kadi: miezi mitatu kamili tangu usiku ule wa damu.